Orodha ya Wiriyamu: Magazeti ya Ndani na ya Nje Mbele ya Mauaji ya Raia

*Mhadhara uliotolewa Mponela mbele ya walimu, wanafunzi na waandishi wa habari vijana kutoka kambi ya wakimbizi ya Dzaleka na kutoka Lilongwe, Malawi*

 

Mada yetu ni nzito, na wengi humu wanaijua kwa namna ambayo hakuna kitabu kinachoweza kuifundisha: jinsi magazeti, ya ndani ya nchi na ya nje, yanavyoandika habari za raia waliouawa vitani. Humu wapo watu wa Fizi na Uvira, wa Minembwe na Rutshuru, mashariki mwa Kongo. Wapo Warundi na Wanyarwanda, na wapo wenyeji wetu Wamalawi. Wengi wenu mmewahi kufungua gazeti mkakuta kwenu pametajwa kwa mistari miwili, idadi ya waliokufa si ile mnayoijua, na muuaji ama hatajwi ama ametajwa mwingine. Uchungu wa siku hiyo nauelewa. Lakini uchungu peke yake hautuonyeshi mistari ile miwili ilipikwaje, na hilo ndilo nataka tulichunguze leo.

Hoja yangu ni moja, nami naitanguliza ili muipime tunavyokwenda. Gazeti la ndani liko karibu na maiti, lakini liko karibu pia na bunduki. Gazeti la nje liko mbali na bunduki, lakini liko mbali pia na maiti. Ndiyo maana hakuna hata moja linaloweza kubeba ukweli peke yake. Kinachoubeba ni orodha ya majina iliyoandikwa mapema na watu wa mahali penyewe. Penye orodha, magazeti ya pande zote hulazimika kuifuata, hata kama ni baada ya miaka mingi. Pasipo na orodha, kila upande hutaja idadi inayoufaa.

Wiriyamu, jirani yetu

Kisa cha kwanza hakiko mbali. Ukishuka na barabara ya M1 kutoka Lilongwe hadi Dedza, ng'ambo ya mpaka ni mkoa wa Tete, Msumbiji. Mwaka 1972 Msumbiji ilikuwa bado koloni la Ureno. Harakati ya ukombozi ya FRELIMO, iliyoundwa Dar es Salaam mwaka 1962, ilikuwa imevuka Zambezi, na Wareno walikuwa wakijenga bwawa la Cahora Bassa wakihofia kulipoteza.

Jumamosi tarehe 16 Desemba 1972, jeshi la Ureno lilivishambulia vijiji kadhaa kusini mwa mji wa Tete, kikiwamo Wiriyamu na jirani zake Chawola na Juawu. Ndege zilitangulia kupiga mabomu, kisha helikopta zikashusha makomando wa Kompani ya Sita. Chawola watu walikusanywa wakapigwa risasi. Wiriyamu wengi waliingizwa ndani ya nyumba za nyasi, yakatupwa mabomu ya mkono, nyumba zikachomwa. Mwanahistoria Mustafah Dhada, aliyetafiti kisa hiki kwa miaka mingi na kuzungumza na manusura, anahesabu waliouawa kuwa 385.

Habari ilitokaje? Manusura waliofika Tete walikutana na mapadre. Padre Domingos Ferrão, Mmsumbiji, na wamisionari wa Kihispania wa shirika la Burgos waliwasikiliza wagonjwa na waliokimbia, wakaandika ripoti. Katika ripoti ile walipanga majina: mwanamume, mkewe, watoto wao na umri wao. Hilo ndilo nawaombeni mlishike. Watu wale hawakuandika tu kwamba wengi wamekufa. Waliuliza fulani alikuwa na watoto wangapi, wakaandika.

Ukimya wa nyumbani

Magazeti ya Ureno yalifanya nini? Mwaka 1972 kila gazeti la Lisbon lilipaswa kupeleka kurasa zake kwa mkaguzi wa serikali kabla ya kuchapwa. Mkaguzi alikata kwa kalamu ya buluu kile alichoona hakifai, na neno la kwanza lililokuwa halifai lilikuwa habari mbaya za vita vya Afrika. Katika makoloni nako hali ilikuwa ileile. Huko Beira, Msumbiji, gazeti la Notícias da Beira lilikuwa mikononi mwa Jorge Jardim, mfanyabiashara wa karibu sana na watawala wa Ureno, ambaye pia alikuwa balozi mdogo wa heshima wa Malawi mjini humo. Rais Banda wa Malawi alikuwa na urafiki na Wareno, nayo Malawi ilikuwa na sheria yake ya udhibiti tangu 1968. Gazeti la Blantyre lililotaka kuendelea kuchapwa halikuwa na nafasi ya kumchokoza jirani wa namna hiyo. Dzaleka, ambako wengi wenu mnaishi leo, ilikuwa gereza. Waliofungwa kwa ajili ya siasa zama za Banda wanalijua jina hilo kwa sababu nyingine kabisa.

Kwa hiyo vijiji viliteketea si mbali na mji wenye hospitali, kanisa na uwanja wa ndege, na gazeti la ndani halikuandika. Si kwamba waandishi wote walikuwa waovu. Gazeti lina anwani, lina mashine, lina wafanyakazi wenye watoto, na mwenye bunduki anajua anwani hiyo. Tunapolilaumu gazeti la ndani kwa kunyamaza, tuulize kwanza nani alikuwa amesimama mlangoni pake.

London inaamka, kwa sababu zake

Ripoti ilitoroshwa hadi Hispania, ikamfikia padre Mwingereza, Adrian Hastings. Huyu hakuwa mgeni wa Afrika Mashariki: alikuwa padre jimboni Masaka, Uganda, kisha akaishi Kipalapala, karibu na Tabora. Tarehe 10 Julai 1973 gazeti la The Times la London liliichapisha habari hiyo ukurasa wa kwanza, pamoja na majina. Kati ya mauaji na siku hiyo ilikuwa imepita karibu miezi saba.

Kwa nini siku hiyo? Kwa sababu Waziri Mkuu wa Ureno, Marcello Caetano, alikuwa anatarajiwa London juma lililofuata, kusherehekea miaka 600 ya urafiki wa Ureno na Uingereza. Harold Wilson, kiongozi wa upinzani, alitaka ziara ifutwe. Bunge lilijadili, watu waliandamana. Wiriyamu ikawa habari kubwa duniani.

Hapa tuwe waadilifu. Bila The Times, ripoti ile ingebaki kwenye kabati la shirika la kidini. Gazeti la nje lilifanya jambo ambalo hakuna gazeti la Ureno au la Msumbiji lingeweza kulifanya siku ile, na mhariri aliyekubali kulichapisha alijua kwamba serikali mbili zingemkasirikia.

Lakini tuone pia lilivyolifanya. Habari ilipata nafasi kwa sababu iligusa siasa za London, na mara ikageuka kuwa ya London. Upande wa Ureno ulijibu kwamba Wiriyamu haipo kwenye ramani. Kijiji kile kiliitwa kwa jina la mkuu wake, kama vijiji vingi vya ukanda wetu, na ramani ya serikali haikuwa imejishughulisha nacho. Basi kwa wiki kadhaa magazeti ya Uingereza yalibishana kama mahali penyewe papo. The Daily Telegraph likawapa nafasi wenye mashaka. Peter Pringle wa The Sunday Times alifika Tete, akaanza kuwapata mashahidi, akafukuzwa nchini. Watu waliokuwa wameshazikwa walilazimika kwanza kuthibitisha kwamba waliwahi kuwa na kijiji.

Jambo la pili ni nani aliyeaminiwa. Ushahidi ulitoka kwa wakulima wa Tete na kwa padre wao Mwafrika, ila ulisikika ulipopita kwenye mdomo wa padre wa Kihispania na kalamu ya padre wa Kiingereza. Silisemi hili kuwapunguzia heshima mapadre wale. Wenzao wawili, Alfonso Valverde na Martín Hernández, walikuwa wamefungwa kwa kufichua mauaji ya Mucumbura ya mwaka 1971. Nalisema kwa sababu mzani huo ungalipo: gazeti la mbali humwamini haraka zaidi mtu anayefanana na wasomaji wake.

Nini kilichomaliza ubishi? Orodha. Mtu anaweza kukana kijiji. Ni vigumu zaidi kukana familia moja moja, baba, mama, mtoto wa miaka minne, mtoto wa miezi tisa. Mwaka 1974 tume ya Umoja wa Mataifa ilithibitisha kwamba mauaji yalitokea.

Udhibiti ulipoondoka

Tarehe 25 Aprili 1974 utawala ule uliangushwa na wanajeshi wake wenyewe, na kalamu ya buluu ikatupwa. Tungetarajia magazeti ya Lisbon yaijaze Wiriyamu kwenye kurasa zao. Haikuwa hivyo. Ilikuwa mwaka 1992 ndipo gazeti la Expresso lilipochapisha uchunguzi mkubwa wa mwandishi Felícia Cabrita, aliyezungumza na aliyekuwa kamanda wa kompani ile. Hakuna askari aliyehukumiwa. Miongoni mwa waliofanya mauaji walikuwamo wana wa nyumba za wasomaji, na ukimya wa ndugu unadumu kuliko sheria ya udhibiti.

Mnamo Septemba 2022, Waziri Mkuu wa Ureno António Costa alisimama Maputo akaitaja Wiriyamu, akasema ni kitendo kisicho na udhuru kinachoivunjia heshima historia ya nchi yake, akaomba radhi. Tumezoea kusema njia ya mwongo ni fupi. Njia hii ilikuwa na urefu wa karibu miaka 50, na ilifika mwisho kwa sababu kulikuwa na karatasi ya kuifuata.

Kishishe: namba nne za siku chache

Miezi mitatu baada ya radhi hiyo, tarehe 29 Novemba 2022, raia waliuawa Kishishe, kijiji cha Bwito, wilaya ya Rutshuru, Kivu Kaskazini. Siku sita nyuma viongozi wa ukanda huo walikuwa wamekutana Luanda na kukubaliana silaha zisimame. Kishishe ilikuwa mikononi mwa waasi wa M23, na hakuna mwandishi aliyeweza kuingia kwa hiari yake.

Zitazameni namba zilivyofuatana. Kinshasa kwanza ilisema raia 50. Tarehe 5 Desemba waziri Julien Paluku akasema 272. M23 wakasema raia wanane, waliopigwa na risasi zilizopotea. Kisha Umoja wa Mataifa, ambao nao haukufika kijijini, ukawahoji watu 52, waathirika na mashahidi, Rwindi, umbali wa kilomita 20 hivi, ukatoa hesabu ya awali ya watu wasiopungua 131 kwa Kishishe na kijiji cha Bambo: wanaume 102, wanawake 17, watoto 12. Ripoti hiyohiyo ilieleza kwamba wanawake na wasichana walibakwa. Serikali ya Rwanda ikasema kilichotokea yalikuwa mapigano kati ya M23 na vikundi vyenye silaha, na kwamba habari ya mauaji ya raia imetungwa.

Sasa jiwekeni kwenye kiti cha mhariri. Wa Kinshasa yuko kwenye nchi iliyotangaziwa siku tatu za maombolezo, akichapa 272 anaonekana mzalendo, akiuliza 272 imetoka wapi anaonekana msaliti. Wa Kigali ana shinikizo lake, kwa upande wa pili. Wa Paris au London ana mwandishi Goma mwenye simu tu. Atazipanga namba zote nne kwa mstari, aandike upande huu unasema hivi na upande ule unakana, kisha apite kwenye habari nyingine. Hajadanganya. Lakini msomaji aliye mbali anabaki na hisia kwamba jambo lenyewe halijulikani, ilhali kuna tofauti kubwa kati ya idadi iliyotolewa na waziri kwenye mkutano na idadi iliyotokana na watu 52 waliosikilizwa mmoja mmoja. Kuzipa namba hizo uzito mmoja ni dhuluma, hata ikifanywa kwa adabu ya taaluma.

Na namba iliyokuzwa inaumiza waliokufa kama namba iliyopunguzwa. Serikali ikisema 272 na wachunguzi wakapata 131, mwenye kukana anashangilia: mmeona, walidanganya. Zile roho 131 zinageuzwa kuwa ushahidi wa uongo. Anayewapenda maiti wake asiwaongezee hata mmoja.

Makobola na Gatumba

Sasa niseme jambo ambalo ni gumu kulisema katika chumba hiki, na kwa sababu hiyohiyo halina budi kusemwa.

Tarehe 30 Desemba 1998 na siku zilizofuata, askari wa upande wa waasi wa RCD waliua raia Makobola na vijiji vya jirani, Kivu Kusini. Wengi wa waliouawa walikuwa Wabembe. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2010, iliyopitia uhalifu wa Kongo wa kati ya 1993 na 2003, inataja zaidi ya watu 800. Usiku wa tarehe 13 Agosti 2004, katika kambi ya muda ya Gatumba, Burundi, karibu na mpaka wa Kongo, wakimbizi zaidi ya 150 waliuawa, wengi wao Banyamulenge, wanawake na watoto wakiwa wengi. Waasi wa Burundi wa FNL walijitangaza kuwa ndio waliofanya. Kambi ya jeshi ilikuwa jirani, na askari hawakutoka kuwaokoa.

Dzaleka kuna watu wa Makobola na kuna watu wa Gatumba. Wanachota maji kwenye bomba moja. Wengine wanaijua tarehe moja na hawaijui ya pili, au wanaijua ya pili kama uzushi wa wale wengine. Hapa hakuna mkaguzi mwenye kalamu ya buluu. Tunajikagua wenyewe. Kila kundi la WhatsApp limekuwa gazeti la ndani la kabila lake: linapeleka picha za maiti wake, linafuta za wengine, na linaposikia za wengine linauliza swali lile la mwaka 1973, kama mahali penyewe papo. Tukilifanya hilo, hatuna haki ya kuilaumu Lisbon.

Gatumba inatufundisha pia kuhusu haraka. Katika siku za kwanza wanasiasa wa nchi kadhaa walishindana kutaja wauaji wengine waliodaiwa kuvuka mpaka, na wakuu wa majeshi wakatishia kuingia Kongo. Mazishi hayajaisha, tayari maiti wamefanywa sababu ya vita vingine. Gazeti linalobeba madai ya namna hiyo bila kuuliza limeandikishwa jeshini bila kujua.

Tusomeje, tuandikeje

Kwa msomaji, napendekeza maswali manne kila habari ya mauaji inapofika mkononi. Mwandishi aliandikia wapi, kijijini au mji mkuu? Nani anashika barabara ya kwenda pale, na anataka nini? Idadi imetoka kwa nani, na huyo alihesabu au aliambiwa? Na muuaji ametajwa, au watu wameuawa tu kama waliopigwa na radi? Ukipata magazeti mawili, moja la ndani na moja la nje, yasome kwa pamoja. Yanapokubaliana licha ya maslahi tofauti, una pa kusimama. Yanapopishana, tazama yamepishana wapi, maana mara nyingi hapo ndipo mkono wa mwenye nguvu ulipopita.

Kwa ninyi mtakaoandika, kazi ni ya taratibu na haina sifa. Andika jina la marehemu, jina la baba yake, umri, kijiji, siku na saa. Andika aliyemwona akifa na aliyemzika. Andika askari walivaa nini, walizungumza lugha gani, waliingilia njia ipi. Yale shahidi aliyoyaona yakae mbali na yale aliyoyasikia. Jihadharini na hesabu mara mbili: mwanamke mmoja kwetu anaweza kuwa na jina la ubatizo, jina la ukoo, na kuitwa Mama Fulani kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Mashahidi watatu wakimtaja kila mmoja kwa jina lake, orodha inapata maiti watatu kwa kaburi moja. Muulize kila shahidi majina yote ya mtu, na watoto wake, ndipo uhesabu.

Na jambo moja msilisahau. Jina la marehemu liandikwe, jina la shahidi aliye hai lifichwe mpaka yeye mwenyewe aruhusu. Wapo waliofuatwa hadi ukimbizini kwa sababu ya walichokisema. Hakuna habari inayostahili kumletea shahidi kifo cha pili.

Mtaniuliza, tutaandika nini sisi tulio Dzaleka, mbali sana na kwetu? Nawaambia mko mahali pazuri kuliko mhariri yeyote. Kijiji kizima kilichotawanyika kinaweza kuwa na watu kumi kambini, na kumi hao wakiketi pamoja wanaweza kuzitaja nyumba zote za upande wao, moja baada ya nyingine. Hapa hakuna mwenye bunduki mlangoni. Kuna wazee wanaokumbuka, na kuna vijana wanaojua kuandika. Kinachopungua ni muda, kwa sababu wazee hao hawatakuwa nasi siku zote.

Basi ombi langu ni hili. Anzeni na nyumba zenu, kisha mvuke kwenda kwa jirani ambaye wafu wake waliuawa na watu wanaosema lugha yenu, mkaandike na wake. Orodha iliyoandikwa na Mbembe na Munyamulenge kwa mkono mmoja ni vigumu mno kwa waziri yeyote, muasi yeyote au gazeti lolote kuikana. Wakulima wa Tete na padre wao hawakuwa na gazeti, hawakuwa na simu za mkononi, na serikali iliyowatawala ilisema kijiji chao hakipo. Waliandika hivyo hivyo, na Lisbon ikaja kuwasoma. Sisi tuna zaidi ya walichokuwa nacho wao, na tunadaiwa zaidi.